Mida Creek Desemba: ulizia maji kabla ya kukata tiketi

SWALI: Mimi ni mama wa watoto wawili, mmoja ana miaka kumi na mmoja na mwingine sita. Tunaishi Donholm. Desemba tunataka kwenda Watamu pamoja na mama mkwe, na safari hii si ya kuogelea tu: mkubwa amepagawa na ndege tangu shule iwapeleke mbuga ya Nairobi, na tumeambiwa Mida Creek ndiko kwenyewe. Lakini jirani yetu alienda akarudi akisema aliona matope matupu na ndege wawili watatu kwa mbali. Tuna siku tatu, kwenda na kurudi. Je, inafaa? Na mama mkwe, ambaye magoti yanamsumbua, atafanya nini huko? – Mama Neema, Donholm

JIBU: Mama Neema, jirani yako hakusema uongo. Alifika Mida maji yakiwa yamekupwa kabisa, ndege wakiwa wametawanyika kwenye uwanja wa tope usio na mwisho, akasimama kwenye kibanda cha kutazamia akihesabu vitone. Angerudi alasiri ya siku hiyo hiyo, pale pale aliposimama, angekuja na hadithi nyingine. Kwa hiyo ndiyo, inafaa, na Desemba ni mwezi mzuri. Lakini ukipanga kwa kuangalia likizo ya shule na bei ya hoteli peke yake, wewe pia unaweza kurudi na matope matupu. Panga kwa maji kwanza, hayo mengine yafuate.

Mida ni mkono wa bahari ulioingia nchi kavu kusini kidogo mwa mji wa Watamu, Kaunti ya Kilifi. Eneo lake ni kama kilomita za mraba 32. Ni sehemu ya hifadhi ya bahari ya Watamu ambayo, pamoja na ya Malindi, ilitangazwa mwaka 1968, zikiwa miongoni mwa hifadhi za kwanza za bahari barani Afrika. Mwaka 1979 UNESCO nayo ikaliingiza eneo hilo kwenye orodha yake ya hifadhi za viumbe na mazingira. Hakuna mto wa kudumu unaomwaga maji humo. Ni bahari yenyewe inayoingia na kutoka kupitia mlango mwembamba, mara mbili kwa siku. Katika pwani yetu, siku za bamvua kubwa (maji yanapojaa na kukupwa kuliko kawaida), tofauti kati ya maji kujaa na kukupwa hukaribia mita nne. Ondoa kina hicho kwenye mahali tambarare uone bahari itarudi nyuma umbali gani. Kinachobaki wazi ni tope na mchanga uliojaa minyoo, kaa, konokono na kome.

Chakula hicho ndicho kinachowaita ndege. Kuanzia Agosti hivi huanza kushuka kutoka kaskazini, na wengi hubaki hadi Aprili. Baadhi ya chekeamwezi, ndege wadogo wa ufuoni, utakaowaona wakihangaika topeni wamezaliwa Siberia, karibu na ncha ya dunia. Kila aina ina namna yake ya kula, na hapa ndipo mkubwa wako aanzie, kabla hata ya rangi za manyoya, maana Desemba wengi wao ni kijivu na kahawia tu, wanachosha macho ya mgeni. Amwangalie sululu, mkubwa kuliko wengi, akitembea taratibu na kuingiza ule mdomo wake mrefu uliopinda kwenye tundu la kaa. Chekeamwezi wao huenda kwa makundi, vichwa chini, wakidonoa bila kupumzika. Vitwitwi hawachokoi kabisa: hukimbia hatua chache, husimama ghafla, hutazama, hudonoa, hukimbia tena. Mtoto anayejua kutofautisha mwendo huo atayatenga makundi matatu kabla hajafungua kitabu.

Sasa turudi kwenye saa, kwa sababu hapo ndipo safari yako itakapofaulu au kuharibika.

Maji yakikupwa kabisa, ndege hufuata ukingo wa maji mpaka mbali sana na ufuo, na darubini ya kawaida haiwafikii. Yakijaa kabisa, tope lote limefunikwa, hawana pa kusimama, wanahamia kwenye vipande vya mchanga vilivyoinuka au ndani ya mikoko kungojea. Unachotaka ni katikati, na zaidi sana maji yanapopanda. Tope linapungua mbele ya macho yako. Waliokuwa wametapakaa wanaanza kubanana. Wale wa mbali wanaruka, wanatua karibu, maji yanawafikia, wanaruka tena. Uwe umeshakaa kwenye kibanda ikiwa bado muda wa saa mbili au tatu kabla ya maji kujaa, na usiondoke mapema.

Uzuri wa pwani yetu ni kwamba saa za maji hazibahatishwi. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hukupwa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na hujaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja jioni. Kila siku inayofuata, saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Baada ya wiki moja yanakuja maji mafu, na mambo yamepinduka: asubuhi yanajaa, alasiri yanakupwa, tena bila nguvu, hayatoki sana wala hayajai sana. Ndani ya Mida yote haya huchelewa kidogo kuliko bahari kuu, kwa sababu ya ule mlango mwembamba.

Utaelewa basi kilichompata jirani. Nadhani alikunywa chai yake hotelini bila haraka, akafika kwenye daraja la mbao la Mida, lile linaloishia kibandani, saa nne asubuhi, siku za mwezi mpevu. Wageni wengi hufanya hivyo hivyo, kwa sababu ndiyo saa ya kawaida ya matembezi.

Wewe fanya kinyume. Chagua siku ya bamvua, asubuhi waache watoto wacheze ufuoni (maji yamekupwa, vidimbwi vya miambani vimejaa vitu vya kushangaza), mle chakula cha mchana mapema, kisha muwe darajani saa nane. Mtaona ndege wakisogezwa kuanzia hapo hadi saa kumi. Na mkivumilia mpaka jua linapozama, ambalo Desemba huko ni kama saa kumi na mbili na dakika ishirini, mnaweza kuona keremkerem wekundu wakija kulala kwenye mikoko, kundi baada ya kundi. Hawa si wa Siberia. Wanatoka kaskazini mwa Kenya na Ethiopia na upande huo, na hushuka pwani kukaa miezi ile ya upepo wa kaskazi. Jua la jioni likiwapiga, hata mama mkwe asiyejali ndege atauliza ni nini kile.

Kupata tarehe si kazi. Programu za simu zenye saa za maji ni nyingi. Tafuta Malindi au Kilindini (bandari ya Mombasa), usitumie ya mji mwingine ukidhani bahari ni moja. Lakini mimi bado naanza na kalenda ya ukutani yenye tarehe za Kiislamu, kama zile zinazogawiwa na maduka ya Eastleigh kila mwaka mpya. Tarehe moja hadi tatu, na kumi na nne hadi kumi na saba, hizo ndizo bamvua. Wavuvi wa Watamu hawahitaji hata kalenda, wanainua macho tu usiku. Ukishapata dirisha hilo, thibitisha saa kamili kwenye simu.

Desemba moja kwa kawaida ina bamvua mara mbili. Ikiwa moja imeangukia wiki ya Krismasi, mimi ningechukua ile nyingine bila kufikiri mara mbili. Kati ya tarehe 22 Desemba na mwaka mpya Watamu hujaa watu, vyumba hupanda bei, na barabara ya kutoka Mombasa hugeuka maegesho. Watoto wenu wamefunga shule mapema. Hamna sababu ya kugombania kitanda na Nairobi nzima.

Siku tatu zinatosha kwa shida, na zinatosha tu ikiwa mtaelewa kwamba siku ya ndege ni moja, ile ya katikati. Ya kwanza na ya tatu zinaliwa na njia. Pamoja na mtu mwenye magoti mabaya, singesafiri kwa basi la usiku, na kuendesha gari mwenyewe kwenye barabara ya Mombasa usiku simshauri mtu yeyote mwenye watoto. Treni ya asubuhi ya SGR inawafaa: mama mkwe atanyoosha miguu, atatembea behewani, na watoto wakikaa macho wanaweza kuona ndovu wa Tsavo dirishani. Nauli ya daraja la kawaida ilipandishwa Januari 2024 kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500, na tiketi za Desemba huisha haraka, kwa hiyo mkishajua siku ya bamvua kateni mara moja. Treni huwashusha Miritini, nje ya mji, si Mombasa yenyewe. Kutoka hapo hadi Watamu bado kuna zaidi ya kilomita mia moja. Matatu za Malindi zipo, mnashuka Gede na kuchukua tuk-tuk. Lakini nyinyi ni watu wanne, mna mizigo, na foleni ya Mtwapa haina huruma. Gari la kukodi mkigawana kwa vichwa si ghali kama linavyoonekana, na mtafika kabla ya giza.

Darajani penyewe. Upande wa kaskazini wa Mida, karibu na barabara kuu ya Malindi, kuna daraja la mbao linaloning'inia juu ya mikoko, zaidi ya mita mia mbili, likiishia kwenye kibanda cha kutazamia ndege. Ni sehemu ya mpango unaoitwa ASSETS, ulioanzishwa mwaka 2001 chini ya shirika la uhifadhi la A Rocha Kenya. Kiingilio chenu hulipia karo za shule za sekondari za watoto wanaoishi kando ya Mida na msitu wa Arabuko-Sokoke. Mwambie mkubwa wako hilo. Ataelewa kwa nini mzee wa kijiji anajali mikoko isikatwe. Mbao huchoka kwa chumvi na hutengenezwa mara kwa mara, hivyo mkifika Watamu jioni ya kwanza ulizieni daraja likoje.

Chukueni mwelekezi wa hapo hapo, hata kama mkubwa ana kitabu. Vijana hao, wengi wao Wagiriama, wanajua ni kipande gani cha tope kinafunikwa mwisho, na mara nyingi wana darubini kubwa ya kusimamisha kwa miguu mitatu. Kwa mtoto wa miaka sita hiyo ndiyo tofauti kati ya kuona na kutoona. Darubini ya mkononi humshinda, inatikisika, analalamika. Ile ya miguu mitatu anachungulia tu.

Mwombeni mwelekezi awaonyeshe membe. Nikiambiwa nichague ndege mmoja wa Mida, ni huyo. Ni mweupe, mgongo mweusi, miguu mirefu ya rangi ya kijivu iliyoelekea buluu, na mdomo mweusi mnene kuliko unavyotarajia kwa ndege wa umbo lile. Mdomo huo ni wa kaa. Atasimama kimya, atajongea hatua mbili tatu, kisha kaa yuko hewani. Wadogo huwameza mzimamzima, wakubwa huwavunja kwanza. Ndege wengine wa ufuoni hutaga mayai yenye madoadoa juu ya ardhi, yafanane na mchanga. Membe hutaga yai moja tu, jeupe kabisa, mwisho wa shimo alilolichimba mwenyewe mchangani, ambako joto la mchanga humsaidia kulilea. Haatamii kwetu: viota vyake viko fukwe na visiwa vya Somalia, Bahari ya Shamu, Oman na Ghuba ya Uajemi. Kisha huja huku na mtoto wake. Sikilizeni vizuri Desemba mtasikia mluzi mwembamba usiokatika. Mara nyingi ni kinda la kijivu, kubwa karibu sawa na mzazi, linalomfuata nyuma topeni likidai kulishwa, baada ya safari yote hiyo. Kina mama watalielewa.

Wengine watajitokeza bila kutafutwa: yangeyange, kulasitara wa kijivu, furukombe juu ya mti mkavu, pengine heroe, wale wa waridi ambao wengi wetu tunawaita flamingo. Mdiria wa mikoko ana mdomo mwekundu na husikika kabla ya kuonekana.

Lakini msipite juu ya mikoko mkikimbilia kibanda. Kenya ina aina tisa, na hapo darajani mnaweza kugusa kadhaa. Mkoko wenyewe ndio wenye mizizi inayoshuka kutoka kwenye shina na kusimama juu ya tope. Tazameni matawi yake: mbegu humea zikiwa bado juu ya mti, zinaning'inia ndefu na za kijani, kisha huanguka na kujipanda zenyewe, au huchukuliwa na maji zikaote kwingine. Mchu hauna miguu hiyo. Wenyewe hutoa vimizizi vinavyochomoza wima topeni kutafuta hewa. Mwambie mdogo alambe jani la mchu. Ni la chumvi, kwa sababu mti hunywa maji ya bahari na kutoa chumvi kupitia majani. Mlilana hukaa mbele kabisa, unakopigwa na maji. Mkandaa ni wa fito na boriti, na magamba yake yalitumika kutia rangi ngozi. Wafanyabiashara wa zamani walikuwa na jina kwa kila unene wa mti, fito, pau, mazio, boriti, na majahazi yaliipeleka Arabuni kwa karne nyingi, mpaka serikali ilipopiga marufuku kuiuza nje mwaka 1982.

Chini ya mizizi angalieni kaa wadogo wenye gando moja kubwa mno kuliko lingine. Ni madume. Wanapunga gando hilo juu na chini wakiita majike, na wakihisi mtikisiko wa hatua zenu wote wanatoweka kwenye matundu kwa pamoja. Simameni kimya dakika mbili, watarudi mmoja mmoja. Karibu nao wamo samaki wanaotembea juu ya tope kwa mapezi, nje ya maji kabisa. Sijaona mtoto akichoka nao. Nimeona watu wazima wakifika kwenye kibanda saa nzima baadaye kwa sababu yao.

Kuhusu mama mkwe. Daraja la kuning'inia linayumba. Halina hatari, lakini kwa mtu mwenye magoti mabaya kuyumba huko ni adhabu, na kurudi ni njia ile ile. Msimlazimishe ili muwe pamoja. Kuna njia mbili nzuri. Ya kwanza ni Dabaso, upande huo huo wa Mida, ambako kikundi cha wanajamii kinafuga kaa na kuendesha mkahawa uitwao Crab Shack, mwishoni mwa njia ya mbao iliyosimamishwa juu ya nguzo, imara zaidi kwa miguu yake. Atakaa kitini na sambusa za kaa, mikoko pande zote, maji yakipanda chini ya sakafu. Ya pili ni mtumbwi. Mwenye kusukuma kwa upondo humpeleka mtu taratibu kwenye njia za maji katikati ya mikoko, hakuna mtambo wa kupiga kelele na ndege hawaruki. Tatizo ni kupanda na kushuka. Ombeni mtumbwi ufikishwe mahali pa kukanyaga pagumu, maji yakiwa yamepanda vya kutosha, si kumvusha mama wa watu topeni.

Kaa hao wa Dabaso, mkiwa mezani, ulizeni wanatoka wapi na wana ukubwa gani. Kikundi kinachofuga kina sababu ya kuitunza mikoko. Anayekuuzia vikaa vidogo barabarani hana.

Mambo machache ya adabu, kwa kuwa mko ndani ya hifadhi. Msishuke kutembea topeni kuwaelekea ndege ili kupiga picha. Kila wanaporuka bure wanachoma mafuta wanayoyahitaji kwa safari ya Aprili, na kundi likiruka mara tatu, wenzenu waliokaa kibandani tangu saa nane watawachukia kwa haki. Ndege ndogo za kamera (droni) ziacheni nyumbani. Zinahitaji vibali, na hata ukiwa navyo, ndege huziona kama mwewe. Tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi katika hifadhi za taifa, fukwe na misitu iliyolindwa: chupa za maji, vikombe, mirija, vijiko. Bebeni chupa za kujaza tena. Watamu ni mji wenye Waislamu wengi na misikiti ya zamani, hivyo nguo za kuogelea ni za ufuoni, si za kupitia sokoni. Mkienda pia kuona matumbawe kwa mashua, kiingilio cha hifadhi ya bahari ni cha KWS, shirika la wanyamapori, na hulipwa kupitia eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali, si fedha taslimu mkononi mwa nahodha. Fanyeni hivyo usiku uliotangulia mkiwa na mtandao mzuri. Cha daraja ni cha jamii na hulipwa pale pale.

Vifaa: sandak kuukuu, zile za plastiki za kufunga, zinashinda viatu vyote vya bei kubwa, kwa sababu tope la Mida linavua ndala miguuni. Kofia zenye ukingo, mikono mirefu myepesi, maji mengi kuliko mnavyodhani. Kibanda kina kivuli lakini njia ya kwenda haina. Mmekaa Nairobi, miili yenu haijazoea malaria, na magharibi kwenye mikoko mbu hawana simile. Muone mfamasia au daktari kabla ya safari kuhusu dawa za kinga, hasa kwa ajili ya mdogo na bibi yake, na mlale chini ya chandarua. Darubini ya mkubwa, kama bado hamjanunua, iwe na namba 8x42 au 8x32 (namba ya kwanza ndiyo ukuzaji). Wauzaji hupenda kusukuma zenye ukuzaji mkubwa, 20 na zaidi, ambazo mkono wa mtoto hauwezi kuzituliza.

Asubuhi ya siku ya katikati, ikiwa mkubwa hataki vidimbwi vya ufuoni, Gede iko dakika chache tu. Magofu ya mji wa Waswahili ulioachwa karne ya 17, sasa ni urithi wa dunia tangu 2024, na mlangoni kuna mradi wa Kipepeo ambao tangu 1993 umewawezesha wakazi wa kandokando ya msitu kufuga vipepeo na kuwauza nje wakiwa bado ndani ya ganda. Saa moja na nusu inatosha. Arabuko-Sokoke wenyewe unataka alfajiri yake, usiubane humo.

Mkipata siku ya nne, msikae Watamu. Nendeni Malindi, mvuke hadi mdomo wa Mto Sabaki, kaskazini ya mji. Huko ni kinyume kabisa cha Mida: maji mekundu ya udongo, mchanga unaohama kila mwaka, ndege wa bahari kama buabua na shakwe kwa maelfu, na viboko, kwa hiyo hamwendi bila mwelekezi. Udongo huo unaoipaka bahari ya Malindi rangi umetoka bara. Sabaki ni Galana, na Galana ni Athi, na Athi hupokea Mto Nairobi, unaoanzia kinamasi cha Ondiri kule Kikuyu, ukachukua njiani Mto Ngong unaopita karibu na kwenu Donholm. Chupa iliyotupwa mtaroni Mukuru ikiponyoka kote huko, ndipo inapotokea. Sijui njia bora ya kumfundisha mtoto wa Nairobi jiografia kuliko kumsimamisha hapo na kumuuliza maji haya yametoka wapi.

Kabla ya Desemba, mpeleke mkubwa Makumbusho ya Taifa, siku ya Jumatano asubuhi ikiwa hana shule, kwenye matembezi ya ndege ya Nature Kenya, jumuiya iliyokuwepo tangu 1909. Utalipa ada ndogo, na wenyeji wa matembezi hayo hawamcheki mtu asiyejua. Atajifunza kuinua darubini bila kumpoteza ndege, jambo ambalo hutaki alijifunzie Mida huku maji yanapanda.

Na yule wa miaka sita atachoka kibandani, usijidanganye. Baada ya nusu saa ataanza kuuliza mnaondoka lini. Mwekeni kwa bibi yake Dabaso au mrudisheni kwa wale kaa wenye gando moja, mtu mzima mmoja abaki naye, na mkubwa aachwe na mwelekezi mpaka jua lizame. Gari liwasubiri. Msimwambie dereva arudi saa kumi na moja.